Pesa Imekatwa, Tiketi Haijatoka

Abiria anakata tiketi ya basi la kutoka Nairobi kwenda Mombasa kwa programu ya simu. Amechagua kiti, ameandika namba yake, amebonyeza "Lipa". Menyu ya M-Pesa inatokea juu ya kioo, anaingiza namba ya siri, na baada ya muda mfupi ujumbe unaingia kwamba shilingi 1,500 zimetoka. Anarudi kwenye programu na kukuta maneno haya: "Malipo hayajafaulu. Jaribu tena." Akijaribu tena, huenda akalipa 3,000 kwa kiti kimoja. Asipojaribu, kiti kinauzwa kwa mwingine, naye anabaki kupiga simu huduma kwa wateja.

Karibu kila anayelipia vitu kwa simu Afrika Mashariki ameionja hali hii au amesimuliwa na aliyeionja, na wasanidi programu waliounganisha malipo wanaifahamu kwa upande wa malalamiko. Maelezo yanayotolewa huwa mafupi: mtandao ulisumbua. Si uongo, lakini hayaelezi kitu. Mtandao husumbua pia mtu anapotazama picha za harusi, na hakuna anayepoteza pesa kwa sababu hiyo. Ili kujua kasoro iko wapi, inabidi kuufuata muamala mmoja hatua kwa hatua, kuanzia pale kidole kinapogusa kitufe.

Mfano wetu utakuwa Daraja, API ambayo Safaricom iliwafungulia wasanidi programu mwaka 2017, miaka 10 baada ya M-Pesa kuanza nchini Kenya mwezi Machi 2007. API ni orodha ya maombi ambayo programu moja inaruhusiwa kuyapeleka kwa nyingine, pamoja na kanuni za namna ya kuyaandika na majibu ya kutarajia. Mifumo mingine ya malipo ina majina na namba tofauti, lakini mpangilio kwa sehemu kubwa ni huu huu.

Wahusika ni wanne, ingawa mteja anamwona mmoja tu. Wa kwanza ni programu iliyo kwenye simu. Wa pili ni seva ya kampuni ya basi, yaani kompyuta iliyo hewani saa zote, ambako orodha ya viti na oda hutunzwa. Wa tatu ni Daraja, na nyuma yake mfumo wa M-Pesa wenyewe. Wa nne ni laini ya simu ya mteja. Simu na laini viko mkononi mwa mtu mmoja, lakini katika muamala huu tuvihesabu kama vitu viwili, kwa sababu vinafikiwa kwa njia mbili. Programu huzungumza na seva kupitia intaneti, na bando likiisha inanyamaza. Menyu ya malipo hupitia mtandao wa simu hadi kwenye laini, ndiyo maana hutokea hata kwenye kabambe isiyojua intaneti ni nini. Basi njia moja inaweza kuwa wazi huku nyingine imeziba, na mteja, akiwa na simu moja tu mkononi, hana namna ya kuliona hilo.

Sasa hatua. Programu inaiambia seva: oda hii, kiti namba 14, malipo yatoke kwenye namba hii. Seva inaiomba Daraja tokeni, ambayo ni hati ya muda ya kujitambulisha na hukoma kutumika baada ya sekunde 3,600, yaani saa moja. Ikiwa na tokeni, seva hupeleka ombi lenyewe: namba ya biashara, kiasi, namba ya mteja ikianza na 254, na anwani ya intaneti ambako Daraja itapeleka matokeo baadaye. Tuiweke akilini anwani hiyo.

Daraja hujibu ombi hilo papo hapo, na hapa pana mtego wa kwanza. Ndani ya jibu kuna kipengele kiitwacho ResponseCode. Kikiwa 0, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa. Basi. Pesa bado iko kwenye salio la mteja, na menyu huenda haijafika hata kwenye kioo chake. Jibu hilo hilo hubeba CheckoutRequestID, namba ndefu ya kulitambulisha ombi hili kati ya maelfu ya mengine. Baadaye sana, kwa kipimo cha kompyuta, yatakuja matokeo halisi, nayo yana kipengele kiitwacho ResultCode. Majina mawili yanafanana, na vyote viwili hutumia 0 kwa maana ya heri. Aliyeyachagua hakumfikiria mtu anayeyasoma saa saba usiku. Msanidi anayechukua 0 ya kwanza kuwa ndiyo ya pili atatoa tiketi kwa watu ambao hawajalipa.

Kati ya hizo 0 mbili yuko binadamu. Anaitazama menyu, anathibitisha jina la biashara na kiasi, anakumbuka namba ya siri, au anampa mtu mwingine simu amsaidie. Wakati mwingine anaghairi. Hakuna kompyuta inayoweza kumharakisha, na ndiyo sababu ya kugawa majibu mara mbili: seva haiwezi kushika mstari wazi ikimngoja kila mteja atafute miwani.

Akishamaliza, Daraja huipelekea ile anwani taarifa ya matokeo. ResultCode ikiwa 0, taarifa huja na kiasi, muda, namba ya simu na namba ya risiti, ile ile ambayo mteja anaiona mwanzoni mwa ujumbe wake. Ikiwa 1, salio halitoshi. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. 1037 ni kwamba simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati, na 2001 ni namba ya siri isiyo sahihi. Taarifa hii huenda kwa seva. Haiendi kwenye simu. Programu itajua kilichotokea ikiwa tu seva itaiambia, au yenyewe ikiuliza.

Hiyo ndiyo safari inapokwenda salama. Sasa tutazame inavyokatika.

Chukua kwanza kipande cha kati ya programu na seva. Wasanidi wengi wanaoanza huiandika seva hivi: pokea ombi la simu, peleka kwa Daraja, ngoja matokeo, kisha ijibu simu. Kwa maandishi inapendeza, kwa kuwa simu inauliza swali moja na kupata jibu moja. Lakini maktaba za programu zinazoshughulikia mawasiliano ya intaneti huwa na kikomo cha kungoja. OkHttp, inayotumika sana kwenye Android, isipoambiwa vingine hungoja jibu kwa sekunde 10 kisha hukata tamaa na kutoa taarifa ya hitilafu. Sekunde 10 ni chache mno kwa mtu anayesoma menyu na kuingiza namba ya siri. Kwa hiyo programu inakata tamaa mteja akiwa bado anabonyeza tarakimu, na mstari wa msimbo unaoshughulikia hitilafu unaandika kwenye kioo maneno ambayo msanidi aliyaandaa tangu mwanzo: malipo hayajafaulu. Mteja anabonyeza tarakimu ya mwisho na pesa inatoka. Mtandao siku hiyo haukuwa na shida yoyote.

Kuongeza kikomo kuwa sekunde 60 hupunguza malalamiko bila kugusa chanzo. Menyu ya malipo inapotokea, programu inasukumwa nyuma. Mteja akiondoka kwenda kusoma ujumbe ulioingia, programu haionekani tena kwenye kioo, na katika simu yenye kumbukumbu ndogo Android ina haki ya kuiua ili kuipisha nyingine. Akirudi, programu inaanza upya kama mgeni. Ile sehemu yake iliyokuwa ikingoja jibu haipo, na hakuna kikomo kinachoweza kurefushwa kwa kitu kilichokufa.

Kipande cha kati ya seva na Daraja kinakatika kwa namna mbaya zaidi. Tuseme ombi limefika Daraja, menyu imetumwa, lakini jibu la papo hapo limepotea njiani kurudi. Seva haikuipata CheckoutRequestID. Dakika moja baadaye matokeo yanafika kwenye anwani yetu, yamelipwa, yana risiti, lakini yanataja ombi ambalo seva haijawahi kulisikia. Seva isiyojiandaa inayatupa. Pesa iko kwenye akaunti ya kampuni, na hakuna oda inayoidai.

Matukio haya yote yana umbo moja. Ukimtuma mtoto dukani na kiza kikaingia hajarudi, kuna uwezekano wa aina mbili: hakufika, au amefika, amenunua, na yuko njiani anarudi. Ukiwa umesimama mlangoni huwezi kuvitenganisha viwili hivyo, kwani vyote unaviona kama ukimya. Ukimtuma wa pili, huenda jioni hiyo mkawa na pakiti mbili za maziwa. Ombi lililopotea likienda na jibu lililopotea likirudi, kwa aliyetuma, ni kitu kimoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni upungufu wa kiufundi utakaotatuliwa siku moja kwa minara mizuri zaidi. Sivyo. Wanasayansi wa kompyuta Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walilieleza tatizo hili mwaka 1975, na Jim Gray akalipatia mwaka 1978 jina linalotumika hadi leo, fumbo la majenerali wawili. Majenerali walio kwenye vilima viwili wanataka kushambulia kwa pamoja, na tarishi wao hupita bonde lenye adui. Wa kwanza anatuma saa ya kushambulia, kisha anahitaji uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Aliyethibitisha naye anahitaji kujua kwamba uthibitisho wake umefika. Hakuna idadi ya tarishi itakayowapa wote wawili uhakika kamili, kwa sababu wa mwisho kutumwa daima anaweza kukamatwa. Ikiwa njia inaweza kupoteza ujumbe, uhakika wa pande zote mbili haupatikani, leo wala kwa teknolojia itakayokuja.

Kutokana na hapo, muamala una hali tatu zinazowezekana kwa anayeutazama kutoka nje: umelipwa, umekataliwa, au haijulikani. Programu ya abiria wetu ilijengwa kwa hali mbili. Ilipokutana na ya tatu ilibidi iitumbukize kwenye mojawapo ya zile mbili, ikachagua "umekataliwa". Tulishike hilo, kisha tuone kinachoweza kufanyika, maana kutojua hakuondoki, ila madhara yake yanaweza kupunguzwa sana.

Silaha ya kwanza ni kutenganisha maombi yanayoweza kurudiwa bila madhara na yasiyoweza. "Weka salio la Asha liwe 500" likitekelezwa mara moja au mara tano, Asha ana 500. "Mwongezee Asha 500" likitekelezwa mara tano, ana 2,500 zaidi. La kwanza linarudiwa bila kuzidisha kitu, la pili kila marudio yanaongeza. Kiwango cha HTTP, katika waraka RFC 9110 wa mwaka 2022, kinayagawa maombi ya intaneti kwa msingi huu huu: GET, PUT na DELETE zinatakiwa ziwe za kundi la kwanza, POST haidaiwi sifa hiyo. Maombi ya malipo karibu yote ni POST.

Lakini ombi la kundi la pili linaweza kugeuzwa kuwa la kwanza kwa kulipatia namba ya utambulisho. Badala ya "lipisha 1,500", programu inasema "lipisha 1,500 kwa oda hii yenye namba hii". Seva ikiona namba hiyo kwa mara ya kwanza inatekeleza. Ikiiona tena, hailipishi: inarudisha tu habari za mara ya kwanza, kwamba imelipwa, au imekataliwa, au bado inangojwa. Kampuni ya malipo ya Stripe hupokea namba ya namna hii moja kwa moja kutoka kwa wasanidi na kuitunza kwa saa 24 au zaidi. Ombi la menyu la Daraja halina kipengele cha kazi hiyo. Mfumo wa M-Pesa hukataa menyu ya pili iwapo mteja yumo katikati ya muamala mwingine, na hiyo ndiyo 1001 ambayo wasanidi huikuta mara kwa mara, lakini muamala wa kwanza ukishakamilika mlango unafunguka tena. Kwa hiyo kinga lazima ikae kwenye seva ya mwenye biashara.

Wazo ni jepesi. Utekelezaji wake unataka umakini katika mambo ambayo kwa haraka yanaonekana madogo. Namba hii itengenezwe lini? Ikitengenezwa kila mteja anapobonyeza "Lipa", kila mbonyezo unakuwa oda mpya na kinga yote imekwenda na maji. Inapaswa kuzaliwa mara moja, mteja anapothibitisha kiti, na iandikwe kwenye hifadhidata ya simu kabla ombi halijatumwa. Mfuatano huo, andika kwanza ndipo utume, haupaswi kugeuzwa. Programu ikituma kwanza na kuuawa kabla haijaandika, itafufuka bila kumbukumbu yoyote ya kile ilichokwisha kuomba.

Kwenye seva swali ni namna ya kutambua kwamba namba imekwisha kuonekana. Msanidi atasema: nitaitafuta kwanza kwenye jedwali, nikiikosa nitaiandika. Sasa mteja amebonyeza kitufe mara mbili upesi upesi, na maombi mawili yamefika pamoja. Yote mawili yanatafuta, yote mawili yanakosa, yote mawili yanaandika, na menyu mbili zinaombwa. Dawa ni kuiacha hifadhidata yenyewe ikatae. Safu ya namba ya oda iwekewe sharti kwamba thamani haiwezi kujirudia, kisha seva iandike bila kutafuta kwanza. Ombi moja litafanikiwa, jingine litagonga sharti na kurudishwa, hata kama yametofautiana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sharti kama hilo liwekwe pia kwenye safu ya namba ya risiti, ili risiti moja isitoe tiketi mbili.

Kuhusu matokeo yanayotaja ombi lisilojulikana, ufumbuzi uko kwenye ile anwani. Hakuna kanuni inayodai kwamba anwani ya kupokea matokeo iwe moja kwa oda zote. Seva inaweza kuiongezea namba ya oda mwishoni, kila ombi na anwani yake. Daraja ikirudi, hata kama CheckoutRequestID ni ngeni, anwani yenyewe inaonyesha oda inayohusika. Kwa upande mwingine, anwani hiyo iko wazi kwa dunia nzima, na yeyote anayeijua anaweza kutuma taarifa ya uongo kwamba amelipa. Watu wanaoghushi ujumbe wa M-Pesa ili kumdanganya muuza duka hawatashindwa kughushi hiki. Kwa hiyo taarifa inayoingia ilinganishwe na jedwali: je, oda ipo, kiasi ni kile kile, ilikuwa inangojwa? Kisha seva iiulize Daraja yenyewe kabla ya kutoa mali.

Kuuliza ndiyo silaha ya pili. Daraja ina ombi jingine la kuulizia hali ya ombi la awali kwa kutumia CheckoutRequestID, na jingine la kuulizia muamala kwa namba ya risiti. Kuulizia hali hakuhamishi pesa, kwa hiyo ni ombi linaloweza kurudiwa bila hofu. Seva isipopata matokeo kwa muda unaofaa, iulize. Isipojibiwa, iulize tena baada ya sekunde 5, kisha 10, 20, 40, na kila muda uongezewe kipande kidogo cha kubahatisha. Kipande hicho kina kazi yake: mtandao uliokatika ukirudi, maelfu ya oda zilizokuwa zinangoja zisiulize zote katika sekunde moja na kuuangusha tena.

Je, kazi hii ya kuuliza ifanywe na simu? Zana zipo. Kwenye Android kuna WorkManager, ambayo hupokea kazi, huiandika kwenye hifadhi ya simu na kuitekeleza hali ikiruhusu, hata simu ikizimwa na kuwashwa. Ina nidhamu zake: kazi ya kujirudia haiwezi kuwa ya chini ya kila dakika 15, na kazi iliyoshindwa hungoja angalau sekunde 10 kabla ya kurudiwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kutumika huahirisha kazi za programu ili kuokoa betri. Kwenye iPhone, mfumo wenyewe ndio unaoamua kazi ya nyuma ya pazia itafanyika lini, bila ahadi. Zana hizi zinafaa kupeleka picha au kusawazisha kumbukumbu. Kwa kujua kama pesa ya mtu imefika, simu ni mahali pabaya pa kutegemea, kwa vile inaweza kuzimika, kuibwa, au kuishiwa bando katikati ya safari. Seva ina umeme na ina muda. Simu inatosha kuuliza seva kila inapofunguliwa, na kupokea arifa ikiletwa.

Tanzania pana jambo la kuongeza. Mteja anaweza kulipa kwa M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, na kampuni nyingi hupitia mtu wa kati anayeunganisha mitandao hiyo yote badala ya kuunganisha mmoja mmoja. Urahisi huo una bei. Kati ya seva na laini sasa kuna mhusika wa tano, na pamoja naye kipande kimoja zaidi ambako jibu linaweza kupotea. Mkataba na mtu wa kati huyo usomwe kwa swali moja: je, anapokea namba yetu ya oda na kukataa marudio yake, au kila ombi kwake ni jipya?

Sasa hukumu inawezekana. Nikipima niliyoyaeleza, kosa la programu ya abiria wetu halikuwa kushindwa kujua. Kutojua kulikuwa halali na hakukwepeki. Kosa lilikuwa kudai inajua. Ilitamka "hayajafaulu" ikiwa haina ushahidi wowote, kisha ikamwalika mtu alipe tena juu ya kauli hiyo. Mzigo wote wa hali ya tatu ukahamia kwa mteja, ambaye ndiye pekee kati ya wahusika asiye na jedwali, asiye na njia ya kuiuliza Daraja, na ambaye pesa yake ndiyo imetoka.

Programu iliyojengwa kwa hali tatu ingeandika hivi: "Tumeomba Sh1,500 kwenye namba yako. Bado hatujapata jibu la M-Pesa. Usilipe tena. Kiti 14 tumekushikia hadi saa 4:20." Kitufe cha kulipa kinaondolewa kabisa kwenye kioo hicho, kwani kukiacha kikiwa hai na kuandika "usilipe tena" pembeni yake ni utani. Pawepo pia nafasi ya mteja kuandika namba ya risiti iliyo kwenye ujumbe wake, ambayo seva itaihakiki yenyewe. Kampuni nyingi zinaiona njia hii kuwa ya kishamba. Mimi naiona kuwa ya busara kuliko mapambo mengi, kwa sababu ujumbe wa risiti hupita njia ile isiyotegemea intaneti, na mara nyingi unafika kabla ya kila kitu kingine.

Kushika kiti hadi saa 4:20 kunagharimu, na hapa msanidi hawezi kuamua peke yake. Kila dakika kiti kinaposhikwa kwa malipo yasiyojulikana ni dakika ambayo abiria mwingine anakikosa, na sikukuu za Desemba wenye mabasi hawapendi kusikia hivyo. Mwenye biashara aulizwe kwa lugha yake: uko tayari kupoteza nini, kiti kitupu kimoja kati ya vingi, au abiria wawili wenye risiti halali wanaogombania kiti kimoja stendi? Jibu la mwenye basi linaweza kutofautiana na la muuza tokeni za umeme, ambaye tokeni ikishatolewa hairudi.

Yote haya yanapimika kabla programu haijafika sokoni, lakini si kwenye meza yenye Wi-Fi nzuri na namba ya majaribio 174379 ambayo Daraja huwapa wasanidi. Bonyeza "Lipa" kisha washa hali ya ndegeni. Iue programu menyu ikiwa imetokea. Washa ile sehemu ya mipangilio ya wasanidi kwenye Android inayoharibu kila kioo mara tu mtumiaji anapokiacha. Ifanye seva ichelewe kujibu kwa dakika mbili. Mwambie mwenzako abonyeze kitufe mara nne mfululizo, kama mtu mwenye haraka anavyobonyeza, kisha hesabu mistari kwenye jedwali. Iwe mmoja.

Inabaki hali moja ambayo hakuna jaribio litakaloifuta. Saa 4:20 imepita, kiti 14 kimeuzwa kwa mwingine, na saa 4:26 matokeo yanafika yakiwa na ResultCode 0 na risiti. Oda isirudishwe nyuma wala mstari wake usifutwe. Imelipwa, na hiyo ndiyo kweli yake kuanzia sasa. Mteja apewe basi linalofuata, au arudishiwe pesa kwa ombi ambalo Daraja inalo kwa kazi hiyo. Lakini kurudisha pesa nako ni muamala. Ombi lake linaweza kufika na jibu lake likapotea, na seva yenye papara italirudia na kumlipa mtu mara mbili. Kwa hiyo marejesho nayo yanapewa namba yake kabla hayajatumwa, yanaandikwa kwenye jedwali lenye sharti lile lile, na mteja anaandikiwa: tumeomba urudishiwe Sh1,500, bado hatujapata jibu la M-Pesa.